Alifuta Kila Kitu, Koneksheni Ikatoka: Laptopu na Simu za Zamani Zinavyowaumbua Watu

Desemba ikifika Moshi inajaa. Wa Dar, wa Arusha, wa Nairobi, wote wanapanda nyumbani, na kwenye begi hakikosi kifaa cha zamani: simu ya mwaka juzi ya kumpa mdogo wake wa Rau, laptopu nzito ya kumwachia binamu anayeanza chuo. Nyingine zinaishia kwa fundi mjini, zinauzwa bei ya kutupa ili hela ya sikukuu ipatikane fasta. Ni upendo na ni biashara, hakuna anayebisha. Shida ni kwamba kifaa kinatoka na maisha ya mwenyewe ndani.

Kila mtaa una huyu dada, jina kapuni. Kabla ya kuuza laptopu anafungua folda la picha, anachagua zote, anabonyeza futa, anamwaga mpaka kapu la taka la kompyuta. Roho safi. Wiki mbili baadaye magrupu ya WhatsApp yanawaka, watu wanaulizana nani ana koneksheni. Na kama kawaida, mtaa unajifanya hakimu: "Si angefuta kwanza?"

Alifuta. Hapo ndipo watu wengi hawaelewi, na ndiyo maana kumcheka ni ushamba.

Kompyuta ikiambiwa ifute, mara nyingi inachofanya ni kulitoa jina la faili kwenye orodha. Ni kama mjumbe akikata jina la mpangaji kwenye daftari huku mpangaji mwenyewe bado amelala chumbani. Atatoka siku mpangaji mwingine akiingia kwenye chumba kilekile, yaani data mpya ikiandikwa juu ya ile ya zamani. Isipoandikwa, programu ya kurejesha faili, tena zipo za bure, inagonga mlango na mtu anaitika. Kuformati kwa haraka nako ni hadithi ileile, daftari jipya, wapangaji walewale.

Hili halijaanza jana. Watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani walinunua diski 158 zilizotumika na kuchapisha majibu mwaka 2003. Zilizokuwa zinafanya kazi zilikuwa 129, na zilizosafishwa sawasawa ni 12 tu. Nyingine zilikuwa na barua za watu, taarifa za hospitali na namba za kadi za benki kwa maelfu. Hao ni Wamarekani na mbwembwe zao zote.

Upande wa mastaa, skendo kubwa kuliko zote ilitokea Hong Kong mwanzoni mwa 2008. Muigizaji mmoja wa kiume, aliyekuwa juu kweli kipindi hicho, laptopu yake ilipelekwa kwa fundi. Picha zake za faragha na wasichana kadhaa maarufu zikanakiliwa huko, halafu zikamwagwa mtandaoni. Jamaa aliomba radhi mbele ya kamera na kutangaza kujiondoa kwenye burudani ya Hong Kong. Fundi alihukumiwa mwaka 2009 kifungo cha miezi minane na nusu. Wale wasichana je? Mikataba na heshima yao viliyumba, na ndio waliotukanwa zaidi, wakati laptopu haikuwa yao. Kwa hiyo anayeuza kifaa bila kukisafisha hajihatarishi peke yake. Humo ndani kuna mchumba wa zamani, rafiki wa chumba kimoja, mtoto wa dada anayeogeshwa.

Bongo sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamkamata anayesambaza video za ngono, siyo tu aliyeiba. Lakini sheria inafika baada ya video kufika Ubungo, na hakuna hukumu inayoirudisha.

Mafundi wengi ni waaminifu, na wengine wana foleni ya vioo vilivyopasuka hawana hata muda wa picha za mtu. Ila hakuna sababu ya kuweka siri mikononi mwa uchovu wa fundi.

Kinachotakiwa si kigumu. Laptopu ya diski ya zamani, ile inayozunguka, inatosha diski nzima kuandikwa upya mara moja kwa programu ya kusafisha. Ile imani ya kurudia mara saba au mara 35 ni ya teknolojia iliyopita. SSD ni kiburi kidogo: yenyewe ndiyo huchagua sehemu ya kuandika, kwa hiyo kuandika juu hakuhakikishi kitu. Inahitaji amri yake maalumu ya kujifuta yote. Simu za miaka ya karibuni, Android na iPhone, huhifadhi data kwa msimbo, na kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani kunaharibu ufunguo wa msimbo huo. Akaunti zake mtu azitoe kwanza. Memori kadi haihusiki na ukarimu huo. Itolewe, ibaki nyumbani.

Na kama mtu hana uhakika, auze laptopu bila diski. Bei itashuka kidogo, sawa. Diski yenyewe ifunguliwe na sahani zake zivunjwe, flashi na memori kadi zikatwe katikati ya chipu. Kuloweka kwenye maji ni kujifariji. Kuchoma moto ni kuwavutisha majirani moshi wenye sumu.

Lakini wanaotakiwa kusemwa kwa sauti kubwa zaidi si akina dada wa koneksheni. Ni steshenari na studio. Msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB vijana wanapanga foleni steshenari, wanaskani vyeti, vitambulisho vya NIDA vya wazazi, picha na saini za wadhamini, na nakala zinabaki kwenye kompyuta ya kaunta mwaka hadi mwaka. Mpiga video wa harusi naye ana diski zenye send-off za nusu ya kata. Siku kompyuta ikichoka inauzwa kwa fundi kama chuma chakavu, na mteja haulizwi. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi nchini, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mama wa Rau aliyetoa kitambulisho chake ili mwanawe apate mkopo ana haki ya kumuuliza mwenye kaunta, pale pale, ile nakala inafutwa lini na inafutwaje.