Birayi vidogo visioze nyuma ya nyumba: tuvikaushe



Kila mavuno tunaona jambo lile lile. Magunia makubwa yanapanda gari kwenda Goma ama Butembo. Pembeni ya nyumba linabaki rundo la birayi vidogo, vilivyokatwa na jembe, na vile mnunuzi alikataa. Juma la kwanza watoto wanakula. Juma la pili nguruwe anakula. Juma la tatu rundo linatoa maji na inzi, na mtu anatafuta mpauro wa kulitupa. Miezi miwili mbele, mama wa nyumba ile ile anaenda sokoni kununua birayi kwa basani, kwa bei yenye kuumiza.

Tunasema wazi: hasara ile tusiitupie mvua peke yake, wala barabara mbaya, wala mnunuzi. Sehemu moja ni yetu sisi wenyewe, na tunaweza kuipunguza kwa kisu, sufuria na jua. Birayi ambavyo havitauzishwa na havitakuwa mbegu, tuvikaushe nyumbani siku ile ile vingali vizima.

Hii si akili ya wageni. Nani hapa hajaanika muhogo? Maharagi tunakausha, mahindi tunakausha, sambaza za ziwa Kivu tunakausha. Birayi tu ndivyo tunaviacha vife vikiwa na maji yao. Hata kule kiazi hiki kilitoka, milima ya Andes, Peru na Bolivia, wakulima wanakikausha tangu zamani sana. Baridi kali ya usiku inakigandisha, mchana wanakikanyaga kwa miguu kutosha maji, kisha jua linamaliza kazi. Kinaweza kukaa miaka. Sisi hatuna baridi ya namna ile, lakini tuko na njia yetu.

Wengine wanatuambia: "Kiazi kikavu ni chakula cha njaa." Tunajibu: na muhogo mkavu je? Bugali tunakula kila siku bila haya. Njaa ni kununua kile ulicholima mwenyewe. Wengine wanasema tungoje mradi ulete mashine ama depo ya baridi. Tumengoja sana, ndugu zetu. Mashine ikikuja, itakuta tumeshajua kazi. Isipokuja, watoto watakuwa wamekula.

Tuhesabu pamoja. Kwa kilo tano za birayi, karibu kilo nne ni maji. Ukichukua kilo 30 za vidogo, ukamenya na kutosha vibaya, unaweza kubaki na kilo 25 hivi. Zikikauka zinakuwa karibu kilo 5, na zinaingia kwenye ndoo moja. Ukipika nusu kilo pamoja na maharagi, umepata sufuria kumi. Hizo ni siku kumi ambazo hutauzisha kuku wa mtoto ili kupata chakula. Na ikitokea barabara imefungwa, ama mumelazimika kukimbia, kilo 5 mutu anabeba. Kilo 25, ataziacha.

Kazi yenyewe ni hivi. Osha, menya, tosha kila sehemu yenye kuoza. Kiazi chenye kuwa kijani na uchungu usikausha. Sumu yake haitoki kwa kupika. Kata vipande vyembamba, vya unene mmoja, kama milimita tatu hadi tano. Viweke ndani ya maji ya chumvi kidogo wakati unaendelea kukata. Kisha vitumbukize ndani ya maji yenye kuchemka dakika tano hivi: viwe laini kidogo, visivunjike. Hapa wengi wanaruka juu ya kuogopa makala kuisha. Musiruke. Bila kuchemsha, vipande vinageuka vyeusi na hakuna mtoto atavikubali. Maji yale yale yanatumika mara tatu ama ine, na moto uwe ule wa maharagi.

Tosha, weka katika maji baridi safi, chuja, anika. Usianike chini, hata kwenye shitingi, kama kuku wanapita. Fanya kitanda cha miti, tandika mkeka ama wavu safi, funika na kitambaa chepesi juu ya inzi. Chandarua chenye dawa kisiguse chakula. Geuza vipande mara kadhaa kwa siku, na jioni viingize ndani, maana umande wa milima yetu unarudisha maji yote. Jua likiwa zuri, siku mbili ama tatu zinatosha. Ndiyo maana tunasema tutumie mwezi wa kwanza na wa pili, na mwezi wa sita hadi wa nane, wakati mvua inapungua na mavuno mengi yako nyumbani.

Kipande kimekauka kikivunjika kwa sauti. Kikikunjika, bado. Na hapa tukubali kosa letu. Mara ya kwanza tulipojaribu, tulikuwa na haraka. Vipande vilikuwa vigumu kwa nje, tukafunga ndoo, tukafurahi. Juma la pili tulifungua tukakuta ukungu, tukatupa vyote. Sasa tunaacha vipande vipoe, tunafunga ndoo safi yenye kifuniko cha kukaza, na tunaitazama kila siku kwa juma moja. Tukiona jasho ndani ya kifuniko, tunaanika tena. Vikikauka vizuri na vikikaa pahali pa giza na baridi, vinaweza kufika mwaka. Siku ya kupika, loweka saa moja ama zaidi, kisha chemsha pamoja na maharagi ama sombe. Unaweza pia kutwanga unga na kuchanganya ndani ya uji.

Sasa tuseme kitu ambacho mikutano yetu inakwepa. Nani atamenya kilo 30? Tukisema "tukaushe" na mama peke yake ndiye anabaki na kisu mpaka usiku, tumemuongezea mzigo tu. Baba aliyepakia magunia kwenye gari anaweza pia kumenya. Vijana wajenge vitanda. Nyumba tano zikae pamoja: leo kwa huyu, kesho kwa yule, sufuria moja kubwa, moto moja. Na ndoo ikishajaa, isifunguliwe kwa kuuzisha yaliyo ndani bila mama kujua.

Hatutaki kuwadanganya. Birayi vikavu havitalipa minervali. Soko lake hapa kwetu bado ni dogo, na birayi vizuri vya Kinigi vitaendelea kuuzishwa vibichi. Mbegu nayo isiguswe: mbegu ni shamba la kesho. Wakati wa mvua nyingi usianze, utapoteza birayi na makala pamoja. Tunasemea lile rundo la nyuma ya nyumba tu.

Lakini rundo lile si dogo. Mwenye sufuria kumi ndani ya ndoo halazimiki kuuzisha gunia la mwisho siku bei imeanguka. Anaweza kumwambia mnunuzi, "Ngoja kwanza." Mutu mwenye njaa hawezi kusema neno hilo.

Kwa hiyo tunaomba kila koperative iweke jambo hili kwenye mkutano kabla ya mavuno: nani ana sufuria kubwa, nani ana miti, nyumba gani zitaanza. Muanze na kilo kumi tu. Mukikosea, mutuandikie vile mulikosea. Mukifaulu, mutuandikie pia, na wenzenu watajifunza.