Shahidi wa Kesi ya Madai Asijilipie Nauli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya mashahidi wanaoitwa mahakamani katika kesi za madai.

Huku vijijini samansi ikifika, anayeipokea hudhani ameshitakiwa. Wengi hutuletea sisi walimu tuwasomee. Mara nyingi mtu mwenyewe aliweka tu sahihi zamani kushuhudia mauziano ya shamba. Leo wenye shamba wanagombana, naye anauza kuku apate nauli ya kwenda wilayani. Akifika anaambiwa kesi imeahirishwa, arudi mwezi ujao.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, Amri ya 16, inamtaka anayeomba shahidi aitwe aweke kwanza mahakamani fedha za kumtosha shahidi huyo nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na gharama za siku moja. Hati yenyewe inapaswa kutaja siku, saa, mahali, na kama mtu anatakiwa kutoa ushahidi au kuleta karatasi. Aliyeitwa kuleta karatasi tu anaweza kuipeleka kwa mkono wa mwingine. Si lazima afunge safari mwenyewe.

Hayo wanakijiji hawayajui. Wanalolijua ni kwamba asiyefika bila sababu anaweza kukamatwa au mali yake kuzuiwa. Wajibu tumefundishwa, haki hatukuambiwa. Ndiyo maana siku hizi mtu akiulizwa habari za mpaka wa shamba hujibu, "Mimi sikuwepo." Je, mjane akinyang'anywa shamba atasimama na nani?

Najua wapo wadai maskini. Lakini umaskini wa mdai usibebeshwe shahidi ambaye ni maskini kama yeye.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria. Basi naomba haki hizi ziandikwe nyuma ya kila samansi kwa Kiswahili chepesi, na makarani wasitoe hati kabla fedha za shahidi hazijawekwa. Nao watendaji wa vijiji wazieleze katika mikutano ya hadhara.

Kutoa ushahidi ni wajibu wa kila raia, lakini wajibu huo usigeuzwe adhabu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Korogwe.