Monopoly, mchezo uliozaliwa na mwanamke



Juma hili tuzungumze juu ya mchezo ambao wengine wetu wamekwisha kuuona: Monopoly. Kuna ubao, vijumba vidogo na feza za karatasi. Mchezaji ananunua viwanja, na mwenzake akifika pale analipa kodi. Anayebaki wakati wengine wote wamefilisika, ndiye mshindi.

Wachache wanajua kwamba mzizi wake ni mwanamke. Lizzie Magie wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1904. Mchezo wake uliitwa The Landlord's Game, maana yake Mchezo wa Mwenye Ardhi. Alitaka kuonyesha namna kodi ya ardhi inavyomtajirisha mmoja na kuwaacha wengine mikono mitupu. Aliweka kanuni za namna mbili: kwa zile za kwanza mmoja anameza wote, kwa zile za pili, mali ikiongezeka kila mtu anapata sehemu yake.

Watu wakauchora wenyewe nyumba kwa nyumba, wakiubadilisha. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilinunua Monopoly kutoka kwa Charles Darrow. Darrow akatajirika, na kwa miaka mingi akaitwa mvumbuzi. Mwaka ule ule Lizzie alipewa dola 500 kwa hati yake, bila sehemu yoyote katika mauzo. Kanuni za kugawana zikaachwa. Zile za kumezana zikabaki.

Tangu hapo mchezo umepita mikono mingi. Mwaka 1968 Parker Brothers ilinunuliwa na General Mills, kampuni ya unga na vyakula. Mwaka 1987 ikaingia kwa Tonka, na mwaka 1991 Hasbro ikainunua Tonka na vyote vyake.

Kila mwenye mali ana hesabu yake. Mwaka 2013 Hasbro iliondoa pasi, ikaweka paka. Mwaka 2017 ikaondoa kastabini, kiatu na toroli. Hayo ni mapambo tu. Lakini mwaka 2006 ilitoka Monopoly ya kadi ya benki, ambayo mashine ndiyo inahesabu. Hapo mimi mwalimu sifurahi. Kwa feza za karatasi mtoto anajumlisha, anatoa, anarudisha chenji. Mashine ikihesabu, somo limeondoka.

Mwaka 2019 ikatoka Ms. Monopoly, ya kusifu wanawake wavumbuzi. Mwanamke akipita mwanzo anapewa 240, mwanaume 200. Watu wakauliza: na Lizzie je? Hakutajwa kuwa ndiye mama wa mchezo.

Wamama, vikundi vyetu vinashona, vinafuma vikapu, vinatengeneza sabuni. Akija mtu kununua si kikapu kimoja bali ufundi wenyewe, tumuulize kabla ya kutia sahihi: jina letu litabaki? Tutapata kitu kwa kila kitakachouzwa? Feza ya mara moja inaliwa mara moja.

Na nyumbani, kateni karto, andikeni majina ya avenyu za mtaa wenu, tengenezeni feza za karatasi. Chezeni mara mbili. Kwanza, mwenye kiwanja ale kodi peke yake. Kisha, kodi iingie katika sanduku la wote na kugawanywa sawasawa. Mtoto ndiye ahesabu. Mkimaliza, mwulizeni: katika michezo hii miwili, ni upi unafanana na mtaa wetu, na ni upi angependa ufanane nao?