Subira ya Mnunuzi wa Kompyuta

Wako wahubiri wa subira wanaomwasa mwenye kompyuta ya michezo iliyochakaa angoje, eti kesho italeta iliyo bora kwa bei nafuu. Hoja hii ni dhaifu. Septemba 2020 kadi ya picha ya Nvidia, RTX 3080, ilitangazwa kwa dola 699. Walioingoja ishuke walikuta rafu tupu na walanguzi wakitaka bei ya juu zaidi. Novemba 2022 mrithi wake, RTX 4080, alifika kwa dola 1,199. Subira ilivuta heri, naam, lakini heri ya muuzaji! Ambaye michezo yake yakwama na anunue sasa, akitazama kwanza nguvu ya umeme: 3080 ilishauriwa kifaa cha wati 750. Ambaye haikwami, wahubiri wanamsumbua bure.