Seleri na aloe hazinywi maji sawa

Ndugu walimaji, katika vikundi vya Likasi kuna maneno yenye yanazunguka tangu kiangazi cha mwaka jana: tuache seleri, tupande aloe. Wenye kusema hivyo wako na sababu. Seleri inachokesha. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua haiko, visima vinashuka, na asubuhi ni wamama na watoto ndio wanabeba bidoni. Aloe, wanasema, haiombi maji, haiombi dawa, na watu wa muji wanaitafuta juu ya ngozi na nywele. Sisi wa bustani ya Kamatanda tumesikiliza maneno hayo vizuri, na tunapenda kutoa mawazo yetu mbele ya kugawanya matuta ya kiangazi chenye kinakuja.

Aloe iingie kwa bustani, lakini isikamate nafasi ya seleri. Si juu tunapenda seleri kupita aloe. Ni juu mimea hii miwili haiombi vitu vilevile, na hairudishi feza kwa saa moja.

Tuhesabu maji kwanza. Asili ya seleri ni mahali penye majimaji, na tabia hiyo haijaiacha mpaka leo. Mizizi yake inakaa karibu na uso wa udongo, haishuki kutafuta maji chini. Tuta la metre 10 kwa metre 1 linaomba karibu litre 50 kila siku ya kiangazi, maana yake arozwari tano za litre 10. Mwenye matuta manane anabeba arozwari 40 kwa siku. Kama anakosa siku mbili tatu, majani hayafi, lakini yanakuwa magumu, yenye nyuzi na uchungu. Mama muuzishaji wa sokoni akivunja shina moja tu, anajua. Wakati huo bei inaanguka hata kama kifungu ni kikubwa.

Aloe ni kinyume. Inaweka maji yake ndani ya majani, kama mutu mwenye kuweka akiba ndani ya nyumba. Mimea mingi inafungua vitundu vidogo vya majani muchana na maji yanatoka na jua. Aloe inavifunga muchana, inavifungua usiku wakati kuko baridi. Ndiyo maana inaweza kukaa wiki mbili, tatu bila maji na haikuangalii hata vibaya.

Lakini hapa ndipo wengi wanasahau kitu kimoja. Watu wanaogopesha aloe na jua, na kumbe adui yake hapa kwetu ni mvua. Likasi inapata zaidi ya milimetre elfu moja za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu. Kama udongo unashika maji, mizizi ya aloe inaoza, majani yanakuwa laini na rangi ya kahawia kuanzia chini, na mumea unang'oka na mukono moja. Kwa hiyo lile tuta jeusi, lenye mbolea ya kuku na maji kila asubuhi, lenye seleri inafurahia, kwa aloe ni kaburi. Hata udongo wa kichuguu, wenye sisi wote tunausifu kwa mboga na kwa haki, ni muzito sana kwake peke yake. Tuuchanganye na muchanga na vijiwe, tena mahali penye muteremuko.

Sasa feza. Mbegu ya seleri inachokesha roho: inaota kisha wiki mbili ao tatu, haipaswi kufukiwa sana juu inapenda mwangaza, na miche inakaa karibu miezi miwili kwenye kitalu mbele ya kuhamishwa. Lakini kisha hapo, tunakata majani ya nje, ya ndani yanaendelea, na kwa miezi kadhaa mutu anarudi kwenye tuta lilelile. Baridi ya usiku ya mwezi wa sita na wa saba, yenye sisi tunailalamikia, seleri inaipenda. Na muuzishaji hauliziwi inatumika kwa nini: inaingia ndani ya maharage, ya nyama, ya samaki, kila siku, kwa kila nyumba. Feza ni kidogo kidogo, lakini inafika kila wiki, na feza ya shule ya watoto haingoji.

Aloe yenye inapandwa leo na mutoto wake (tumuache jeraha lake likauke siku chache mbele ya kumupanda) haitatoa majani ya kuuzisha mbele ya mwaka moja na nusu, na mara nyingi zaidi. Kwa muda huo wote, nani analipa? Na majani yakikomaa, nani ananunua? Mujirani anaomba jani moja juu ya mutoto mwenye ameungua na moto, huyo haumuuzishii. Tunauliza wale wanaotusukuma: muko na mununuzi mwenye ameandika kwenye karatasi kilo ngapi na bei gani? Mpaka sasa tumeonyeshwa picha za chupa tu.

Inchi zingine zimepita kwenye njia hii. Kule Kenya, aloe za porini zilikatwa kwa ajili ya utomvu mpaka serikali ikakataza uvunaji huo mwaka wa 1986, na biashara ikaendelea kwa kificho, faida kubwa ikibaki kwa watu wa katikati. Mujue pia kwamba aloe karibu zote za dunia ziko chini ya sheria ya CITES ya biashara ya mimea. Aloe vera ya kupandwa ndiyo iko nje ya sheria hiyo. Mutu akikuambia uende kung'oa za pori juu ya kuuzisha inje ya inchi, usiende.

Kuna neno lingine, na hili linatugusa sisi wa Kamatanda kupita wengine, juu hapa watu wanachimba shaba na kobalti karibu na makao. Wamoja wanasema: mahali penye udongo umeharibika na madini tuweke aloe, ile haina shida. Tunakataa kabisa. Jani la aloe watu wanalipaka, na wengine wanakunywa maji yake. Kama seleri haifai kuliwa kutoka udongo ule, aloe pia haifai. Tuangalie maua ya shaba, jamaa ya basilika na minti, yenye inaota kwenye udongo wenye shaba nyingi. Wachunguzi wa mambo ya kale waliyafuata mpaka kwenye matanuru ya zamani ya kuyeyusha shaba hapa Katanga. Mahali yanaota mengi peke yao, tusipande cha kuingia kinywani. Na maji yenye kutoka mahali pa kusafishia mawe tusiyatie hata kwenye mumoja.

Basi, kwa mukutano wa kugawanya matuta, sisi tutapiga kura hivi. Matuta ya karibu na kisima yabaki ya seleri, na tuyafunike na nyasi kavu ili maji yasitoke haraka; hapo ndipo tutapunguza arozwari, kupita kubadilisha mumea. Aloe ipandwe kwenye mupaka wa juu, penye bidoni haifiki, mimea 20 kwa kuanza, ya kikundi, si ya mutu moja. Isiguswe na mwenye kumwangia seleri. Na mwenye kukata jani alisimamishe kwanza, ule utomvu wa manjano utoke: unaharisha tumbo kwa nguvu, na mama mwenye mimba asiunywe hata kijiko. Kama mununuzi wa kweli atakuja na karatasi yake, mimea 20 itakuwa imezaa watoto wa kutosha kupanda safu ingine.