Acheni Kunigawia Vitabu vya Kutajirika!

Haya jamani, nimemaliza vitabu vitano katika miezi michache iliyopita na nina maneno. Vitatu ni vya aina ile inayojaa kwa wauza vitabu wa kando ya barabara pale Tom Mboya na Moi Avenue: Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki (1997), Good to Great cha Jim Collins (2001) na Atomic Habits cha James Clear (2018). Viwili ni riwaya: Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o, na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012), ambayo shuleni niliisoma kwa ajili ya mtihani na safari hii nimeisoma kwa ajili yangu.

Vile vitatu nilipewa, na watu tofauti, wote wenye nia njema. Na wote waliponikuta na riwaya waliniuliza swali moja: "Hiyo itakusaidia nini?" Fani yetu ya kompyuta imejaa watu wa namna hii. Mwanaprogramu anayesoma hadithi anatazamwa kama mtu anayecheza gemu saa za kazi. Basi leo nawajibu.

(Kabla hatujaendelea, jina. Ukifasiri jina la Kiingereza la vitabu hivi neno kwa neno utapata "vitabu vya kujisaidia", na Mswahili yeyote atakuonyesha choo kiko upande gani. Mimi nitaviita vitabu vya mafanikio.)

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayonilisha. Clear anasema ukijiboresha kwa asilimia 1 kila siku, mwaka ukiisha utakuwa bora mara 37. Nimeipiga kwenye kompyuta: 1.01 kipeo cha 365 ni 37.78. Sawa kabisa. Lakini mwanaprogramu hasimami hapo. Anaiacha programu iendelee kukimbia aone itavunjikia wapi. Miaka miwili: mara 1,427. Miaka mitatu: zaidi ya mara 53,000. Tuseme leo naandika mistari 20 mizuri ya programu kwa siku. Mwaka wa tatu ukiisha nitakuwa naandika zaidi ya mistari milioni moja kwa siku, labda kabla ya chai ya saa nne :-)

Utaniambia huo ni mfano tu. Ni mfano, ndiyo, ila umevishwa nguo za hesabu ili uaminike. Kila aliyewahi kujifunza jambo gumu anajua mwendo wake ulivyo: unapanda haraka, unakwama miezi, unapanda kidogo, unasahau nusu. Sitaki kumwonea bwana Clear. Zile sura za kupanga mazingira yako, mfano kuweka simu mbali na kitanda, ni nzuri na nimezitumia. Zingetosha kurasa ishirini.

Collins naye ana shida kubwa zaidi. Yeye na wasaidizi wake walichambua kampuni 1,435 wakabaki na 11, wakasema hizi ndizo zilizotoka kwenye uzuri wa kawaida zikafikia ukuu, na hizi ndizo siri zake. Miongoni mwa hizo 11 kulikuwa na Circuit City, wauzaji wa vifaa vya umeme, na Fannie Mae, kampuni ya mikopo ya nyumba. Septemba 2008 serikali ya Marekani ilibidi iishike Fannie Mae isianguke. Novemba mwaka huohuo Circuit City ikatangaza kufilisika, na 2009 maduka yake yakafungwa. Miaka saba tu baada ya kitabu!

Sisemi Collins alidanganya. Nasema ukisoma kumbukumbu za maombi yaliyofaulu peke yake, huwezi kujua kwa nini seva inaanguka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mtaalamu wa takwimu Abraham Wald alipewa kazi ya kukadiria udhaifu wa ndege za kivita kwa kuangalia matundu ya risasi kwenye zile zilizorudi. Akaona jambo ambalo ni rahisi kulipita: matundu hayo yanaonyesha mahali ambapo ndege ikipigwa bado inarudi. Habari yenyewe iko kwenye zile ambazo hazikurudi, na hizo hazipo uwanjani uzihesabu.

Vitabu vya mafanikio vyote ni matundu ya ndege zilizorudi. Tajiri anahojiwa, anasema anaamka saa kumi na moja alfajiri, basi tunaambiwa siri ni kuamka mapema. Nenda Marikiti kabla hakujapambazuka. Utawakuta akina mama mboga wamefika, wamenunua, wanapakia magunia kwenye matatu. Wameamka mapema maisha yao yote. Mbona hakuna anayewahoji?

Sasa Kiyosaki. Hiki ndicho kilichonichoma. Kitabu kizima kinasimama juu ya baba wawili. "Baba maskini" ni baba yake mzazi, msomi aliyeongoza idara ya elimu ya jimbo la Hawaii. "Baba tajiri" ni baba wa rafiki yake, ambaye wasomaji wamebishana kwa miaka kama kweli alikuwa kama anavyosimuliwa. Wa kwanza anachekwa karibu kila sura kwa sababu anathamini shule na mshahara. Wa pili ndiye mwenye hekima. Na mwaka 2012 moja ya kampuni za Kiyosaki, Rich Global, iliomba kufilisika baada ya mahakama kuamua iwalipe karibu dola milioni 24 Learning Annex, waliokuwa wakimwandalia mikutano yake. Yeye mwenyewe hakufilisika. Pengine hilo ndilo somo la kitabu, lakini silo lililoandikwa kwenye jalada.

Mimi ni mtoto wa mwalimu. Mshahara ule mdogo wa mwisho wa mwezi ndio ulionilipia karo mpaka nikapata digrii ya sayansi ya kompyuta. Mtu akinipa kitabu kinachonifundisha kumwona mzazi wa namna hiyo kama mfano wa kushindwa, namrudishia kitabu chake.

Na msifikiri haya ni mabishano ya wapenda vitabu tu. Kuna kampuni niliyowahi kuifanyia kazi hapa Nairobi, sitaitaja, ilikaa miezi miwili bila kutulipa. Mwezi wa tatu tukaitwa kwenye mkutano. Tulidhani ni habari za pesa. Tukagawiwa kila mtu nakala moja ya kitabu cha mambo ya kuamka alfajiri na kudhibiti fikra! Bosi akazungumza kama saa nzima kuhusu "mawazo ya uhaba". Mwenzangu mmoja, kijana mpole na hodari wa hifadhidata kuliko sisi sote, alikuwa tayari amekopa kwenye simu ili alipe nyumba. Alianza kuandika kwenye daftari tabia zake mbaya zilizomfikisha pale. Kulala saa tano, kunywa soda, kutazama mpira. Orodha ndefu! Mshahara usiolipwa haukuwemo. Hiyo ndiyo kazi ya vitabu hivi vikishikwa na mtu anayekudai uvumilivu: deni lake linageuka kuwa tabia yako.

Nilipofungua Shetani Msalabani nilihisi mtu amewasha taa. Ngũgĩ aliiandika kwa Kikuyu mwaka 1978 akiwa kizuizini Kamiti bila kushtakiwa, kwenye karatasi za choo, ikachapishwa 1980. (Naam, hicho ndicho kitabu cha kujisaidia ninachokitambua.) Katikati ya riwaya kuna shindano la wezi na wanyang'anyi ndani ya pango huko Ilmorog, mbele ya wageni kutoka nchi tajiri. Kila mshindani anapanda jukwaani, anajitambulisha kwa magari yake na wake na mahawara zake, kisha anatoa ushuhuda wa jinsi alivyotajirika, na mwishowe anatoa wazo jipya la biashara. Gitutu alinunua ardhi kwa mkopo, akaikata vipande, akawauzia maskini kwa bei ya juu, na sasa anawaza kuuza udongo na hewa kwa vipimo vidogovidogo. Kihaahu alifungua shule ya watoto wadogo na akaweka masanamu ya watoto wa Kizungu ili wazazi wavutiwe. Na mwizi mdogo aliyeiba kwa sababu ya njaa anatupwa nje kwa kuwaaibisha wenzake!

Hebu soma sehemu hiyo halafu uhudhurie semina moja ya mafanikio hotelini. Mpangilio ni uleule: mgeni rasmi, gari, ushuhuda, hatua, makofi. Tofauti ni kwamba Ngũgĩ anakuonyesha pesa zilitoka mfukoni mwa nani.

Na Wariinga je? Anafukuzwa kazi kwa kumkatalia bosi wake, anatolewa nyumbani kwa sababu ya kodi. Baadaye anafanya kila kitu ambacho vitabu vya mafanikio vinadai: anasoma, anakuwa fundi mitambo stadi, anaheshimika gereji. Kisha kiwanja cha gereji kinanunuliwa na matajiri wanaotaka kujenga hoteli, na yule bosi wa zamani yumo. Ujuzi wake haujapungua hata chembe. Ardhi tu ndiyo haikuwa yake. Asilimia 1 kwa siku haifiki huko.

Kidagaa Kimemwozea nitaigusa kidogo tu. Amani anaandika mswada, unaibwa, unachapishwa kwa jina la Mwalimu Majisifu, na mwenyewe yuko pale anachunga ng'ombe. Shuleni tuliulizwa "eleza maudhui ya ukiukaji wa haki" tukaandika hoja kumi. Leo nikiisoma namwona kila kijana ninayemjua ambaye programu aliyoiandika usiku inaonyeshwa kwa wawekezaji na mtu mwingine.

Kwa hiyo, mliouliza itanisaidia nini: yule mwenzangu wa hifadhidata angesoma lile pango la Ilmorog kabla ya ule mkutano, nadhani daftari lake lingekuwa na orodha nyingine.

Sasa nimeanza Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990). Ni kijitabu chembamba kabisa, na inabidi nirudie kila ukurasa mara mbili. Hakuna hatua saba wala jedwali.