Tundu dogo, ufuatiliaji uleule

Mwandishi mmoja anadai kuwa kuunguza uvimbe wa ini kwa sindano ni salama mno, hivyo kumfuatilia mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani ni kupoteza fedha. Sikubali hata kidogo. Katika utafiti wa Italia wa mwaka 2003 kuhusu tiba hiyo, kati ya wagonjwa 2,320, asilimia 2.2 walipata matatizo makubwa; sita walifariki. Tena hatari haigawanyiki sawasawa. Aliyewahi kuunganishwa mrija wa nyongo na utumbo, bakteria hupanda hadi kwenye ini, wakakuta nyama iliyokufa kwa kuunguzwa, jipu likatunga. Homa ndogo siku za mwanzo ni kawaida. Ikipanda wiki ya pili kwa kutetemeka, apigwe ultrasaundi siku hiyohiyo, apewe antibiotiki, usaha utolewe kwa mrija. Asipofuatiliwa, atayajuaje hayo akiwa nyumbani?